Chaki Juu ya Mlango

Leo ni Tokeo la Bwana, na hakuna aliyeambiwa.
Chomutov yote imekwenda kazini.
Kijana wa ghorofa ya chini amekwangua barafu kwenye kioo cha gari,
akalaani kidogo, akaondoka.
Dukani wameshusha bei ya nyota za Krismasi,
zimebaki kama maharage mabovu chini ya gunia.

Mama amevaa sketi ya sikukuu
na soksi za sufu, na ndala.
Amepika supu ya njegere, ametandika kitambaa
chenye doa la mvinyo la mwaka niliozaliwa,
doa analolifunika kwa kikapu cha mkate,
na kila mgeni akisogeza kikapu analiona.
Wageni wenyewe ni mimi.

"Radka," ananiambia, "mwaka huu utapanda wewe."
Kigoda anakishika yeye, kwa mikono miwili,
kana kwamba kigoda ndicho kitakachoanguka.

Mimi siamini. Anajua. Hatujawahi kuligombania;
jambo lenyewe limekaa kati yetu kama kabati la urithi,
tumeshazoea kupita ubavu.

Chaki inatoka kwenye kopo la kahawa.
Baba alikuwa mwalimu wa fizikia,
na kila Jumatatu, saa nne, alitakiwa kuwafundisha watoto
kwamba juu hakuna mtu, ni gesi tu na baridi.
Akitoka darasani alitia vipande vya chaki mfukoni,
chaki ya serikali,
akamletea mkewe bila kumtazama.

Usiku wa tarehe tano mama aliandika juu ya mlango, upande wa nje:
K, msalaba, M, msalaba, B.
Kašpar, Melichar, Baltazar,
mamajusi watatu wapite wajue pa kugonga.
Alfajiri baba alifuta kwa kiwiko cha koti
kabla taa ya ngazi haijawashwa,
maana mlango wa pili aliishi bwana Hlaváček,
mwenye macho mazuri
na kalamu nzuri zaidi.

Miaka kumi na minane: huyu aandika, huyu afuta.
Sikuwahi kusikia wakilitolea neno.
Koti lile lilikuwa na weupe kiwikoni
usiokubali brashi wala maji ya moto.
Nikidhani ni weupe wa kazi.

Kisha serikali ikaanguka, siku ya kazi pia,
na maandishi yakaanza kukaa hadi Pasaka,
hadi majira ya joto, hadi yalipochoka yenyewe.
Mtu wa kusoma mita aliwahi kuuliza
kama hiyo ni alama ya kampuni ya gesi.
"Ni ya wageni," mama akamjibu. "Wamechelewa."

Bwana Hlaváček yungali mlango wa pili,
anapumua kwa mashine.
Supu ikibaki mama humpelekea bakuli.
Hupokea, hushukuru, hatazami juu.

Basi nimepanda.
Kipande kilichobaki ni kidogo kama jino la mtoto,
kinalia kwenye mbao, nami naandika kwa kucha zaidi ya chaki.
K. Msalaba. M.
Vumbi linamwangukia mama usoni,
maana ameinua uso wote, kama mtu anayenawa,
na midomo inasema kitu kisichonihusu.
Msalaba. B.

Nimeshuka. Ametazama, ametazama.
"B yako imelala," amesema.

Ni kweli, imelala chali.
Nikavuta mkono wa sweta niipanguse niandike upya,
naye akanishika kwa vidole vyenye harufu ya kitunguu,
kwa nguvu nisizojua anazo.

"Acha. Wa kufuta alikuwa baba yako."

Tumeingia ndani. Supu ilikuwa imefanya ngozi juu.
Mama aliitoboa kwa kijiko,
akaniwekea mimi bakuli la kwanza,
na la tatu akalifunika kwa sahani
lisipoe kabla hajavuka ukumbi.