Risiti kwa Bi Olwen

Umeuliza, kupitia mfuko wa hisani,
piano ya Idwal imenunua nini.

Mioyo kumi na mmoja ya nguruwe
kutoka kwa mchinjaji wa Merthyr,
ya baridi, imefungwa kwenye gazeti.
Uzi mwembamba kuliko unywele wa mtoto.
Taa. Na miezi mitano
ya kutokesha nikiwaza kodi ya nyumba.

Moyo wa kwanza niliuchana kama gunia.
Wa nne ulivuja.
Wa saba ulivuja pia, ila kwa adabu.
Mwalimu hakusema kitu; alimimina maji,
tukayatazama yakitafuta njia.

Hiyo ndiyo bidhaa, mama:
umeninunulia makosa
mahali ambapo makosa hayachimbiwi kaburi.

Najua Idwal aliimba besi kanisani
mpaka vumbi la mkaa likamnyang'anya pumzi
ubeti kwa ubeti, na kwamba
zulia la sebuleni lingali na vishimo vinne
vya miguu ya piano.

Jana, moyo wa kumi na moja:
nikamimina maji.
Nikangoja.
Meza ilibaki kavu.

Kesho naingia chumba cha upasuaji,
kushika mkasi tu,
na kunyamaza.