Mguu wa Nasambu

Ofisi ya wakili Ombongi iko juu ya duka la dawa za mifugo,
Nakuru mjini, ngazi thelathini na mbili.
Nimezihesabu kwa magongo.

"Chelangat," aliniambia, "mguu hauna bei sokoni.
Tunatafuta mguu mwingine uliofanana na wako,
tunaangalia mahakama iliulipa fidia ngapi,
kisha tunaongeza kidogo, maana shilingi imekonda."

Akafungua faili. Akalamba kidole.
Akanisomea mguu wa Nasambu:
Webuye, trela ya miwa,
mfupa wa paja umekatika mara mbili,
chuma kimoja kirefu, skrubu tisa,
ukapona ukiwa mfupi kwa inchi moja.

Wangu una skrubu kumi na moja.
Nikajikuta nazionea fahari zile mbili za ziada
kama mtu aliyeshinda mnada.

Wangu ulivunjikia Salgaa, saa nne asubuhi,
lori la vigae likiteremka bila breki,
likilia honi tangu kule juu
kama ng'ombe aliyekwamiwa na ndama.
Mimi nilikuwa na karai la karoti.
Vigae vilihesabiwa siku iyo hiyo:
bwana wa bima alifika na daftari, amevaa gambuti,
akavipanga kando ya barabara,
vizima huku, vilivyovunjika kule.
Mimi bado nahesabiwa. Huu mwaka wa tatu.

Daktari wa upande wetu amesema asilimia thelathini na tano.
Wa upande wao amesema kumi na mbili.
Aliniambia niende hadi dirishani, nirudi,
akaandika: anatembea.

Risiti ninazo, za hospitali, za magongo,
za probox ya kunipeleka kliniki.
Karoti haina risiti.
"Kwa siku ulikuwa unapata ngapi?"
Inategemea basi la Kisumu limesimama au limepita.
Akaandika: mia nne.
Tena wanadai nilikaa karibu mno na lami,
kwa hivyo asilimia ishirini ya mguu huu
nilijivunja mwenyewe.

Usiku vyuma vikinigandia
(vinajua mvua ya Mau kabla ya redio)
namfikiria Nasambu.
Simjui. Sijui kama yuko hai,
kama alinunua ng'ombe au pesa zililiwa na mashemeji.
Sijui kama siku ile pale kortini alichoka tu,
akasema hizo zinatosha,
asijue kwamba anataja bei yangu.

Jana wamepiga simu. Laki sita, tumalizane nje ya korti,
pesa Ijumaa.
Karo ya Kibet inadaiwa mihula miwili.
Ombongi amenisukumia karatasi,
hasemi kitu, anapanga klipu zake mezani.
Nikikataa ni mwaka mwingine, pengine miwili.

Kalamu nimeishika.
Ila juzi nikipita Salgaa nimeona msichana
amekaa palepale, karai mapajani,
miguu ameinyoosha kuelekea lami.
Siku akizipanda ngazi hizi, Mungu aepushie mbali,
Ombongi atafungua faili,
atalamba kidole,
atamsomea mguu wa Chelangat.

Nimeomba maji ya kunywa.
Nimemwambia anisomee tena, polepole,
skrubu moja moja.