Penseli Fupi

Usibebe kalamu ya wino, Sisko alinionya,
huku Kainuu wino huganda jina lingali nusu.
Beba penseli, fupi, ichongwe kwa kisu.
Na kopo lisiwe la majarini:
baridi moja tu, kifuniko chapasuka,
daftari lageuka uji.

Lake ni kasha la risasi la jeshi,
mpira wa kifuniko kaupaka grisi,
ndani vifuko vya kunyonya unyevu
alivyovikusanya kwenye maboksi ya viatu.

Satelaiti zilitufikisha, zikanyamaza.
Mita nne zilizobaki ni za kubahatisha.
Nilipapasa chini ya kisiki cha msonobari
hadi vidole vikafa ganzi.

Daftari kavu.
Ukurasa wa kwanza, mwandiko umelalia kushoto:
*Urho. Machi. Tumelificha, sasa kahawa.*

Sisko hakusaini.
Aliinusa karatasi, kama ina unyevu,
akafunga.