Kijasho

Challapata, mwezi wa saba. Ndoo ya maji
imevaa barafu nene kama kigae,
lama wamekunja miguu chini ya manyoya yao,
na mwanangu wa siku kumi na tisa
anatoka jasho.

Si mwili mzima. Paji la uso tu,
na pale juu ya mdomo, akinyonya.
Nimezaa wawili kabla yake, kunyonya nakujua:
Severo alinivuta kama ndama,
Lidia alilala na titi mdomoni.
Wara ananyonya kama mtu anayepanda mlima:
hatua tatu, anasimama, anahema,
hatua mbili,
kisha analiacha titi limejaa
na kulala kwa uchovu, si kwa shibe.

"Mtoto mpole," asema mama mkwe,
akitandaza viazi nje vigandishwe na usiku.
"Halii. Na tazama kope zilivyonona."
Mizani nayo ikamuunga mkono:
gramu mia mbili na themanini, siku tatu.
Telesforo akachinja kuku.

Dalili ya mvua ni mawingu, wanasema.
Hapa ilinyesha pajini, na sote tukatazama angani.

Usiku nilimfunua kifua kwa mwanga wa simu.
Ngozi ilididimia kati ya mbavu,
ikarudi, ikadidimia.
Nilihesabu dakika nzima, amelala: sabini na sita.
Nikahesabu tena, nikitamani kukosea.
Nyayo baridi ndani ya soksi za sufu.
Nepi kavu tangu adhuhuri.

Muuguzi Primitiva hakushughulika na mizani.
Alipasha vidole kwapani mwake,
akaviweka tumboni, upande wa kulia,
akapapasa kama anayetafuta mlango gizani,
akalikuta ini
mahali ambapo halikupaswa kufika.
"Haya si manono. Ni maji.
Moyo umeshindwa kuyasukuma."

Miaka yote nikisema moyo unanienda mbio
nilimaanisha hofu.
Wa Wara ulikwenda mbio
na yeye hajajua hata mtu wa kumwogopa.

Sasa tumo ndani ya gari la wagonjwa, njia ya Oruro.
Mama mkwe amepanda bila kuitwa,
kiatu hiki chake, kile cha Telesforo.
Neno "mpole" hajalirudia.
Kiganja chake ki juu ya kifua cha mtoto,
anahesabu kwa Kiaymara, midomo inacheza,
na kila akifika sitini
ananitazama,
halafu anaendelea.