Karanga za Kibaigwa

Karanga za mia mbili,
bado za moto, chumvi imeng'ang'ania ganda.
Nilikuwa nimekwisha tafuna nusu
nilipouona mkono wangu kwenye karatasi.

Si kiganja. Mwandiko.
Ile g yangu yenye mkia wa mjusi,
wino wa bluu wa kalamu tulizogawiwa mwaka wa mvua nyingi:
jina, kijiji, umri, ugonjwa,
na pembeni, kwenye safu nyembamba,
alama mbili ambazo kila muuguzi wa wilaya hii
anazisoma hata gizani.

Majina siyasemi. Hata hapa.

Nikamuuliza kijana, karatasi umepata wapi?
"Kwa kilo, mama. Kuna mlinzi anauza.
Nzito hizi, hazipitishi mafuta upesi."

Nikanunua sinia zima.
Watu wa mnadani wakanitazama:
huyu ana harusi au ana msiba?
Na upepo wa Kongwa, usiojua kubisha hodi,
ulikwisha beba karatasi mbili tatu
hadi kwenye magunia ya mahindi, chini ya malori.
Nikazikimbilia. Mimi, miaka hamsini na sita, goti bovu,
nafukuza karatasi kama kuku wa mgeni.

Usiku nilizikunjua sakafuni, nikazipanga kwa namba.
Mafuta yalikuwa yameyafanya maandishi angavu, kama dirisha
lililofutwa na mtu mwenye bidii.
Kifua kikuu. Kaswende.
"Amepigwa, anasema ameanguka."
Mzee wa kanisa. Binti wa mwalimu.
Mimi mwenyewe, mstari wa sita.

Siri ya mtungi aijuaye kata, tulifundishwa.
Hatukuambiwa kata nayo huuzwa kwa kilo.

Mlinzi nitamtaja: Chilongani.
Ila kwenye fomu, chini ya neno *Zimeteketezwa*,
sahihi si yake. Ni yangu.
Nilisaini kabla ya kiberiti.
Wingu lilikuwa limetanda, tanuri la kituo lina ufa,
akasema, nenda zako dada Eliwaza, nitachoma mimi.
Nikaenda. Nilikuwa nimeacha mlenda jikoni.

Arobaini na tano. Arobaini na sita.
Arobaini na nane.

Ukurasa mmoja, majina kumi na manne.
Nawakumbuka tisa.
Mmoja hupita kwangu kila alfajiri na ndoo, ananiamkia, "Mbukwa!"
nami naitikia nikitazama ndoo.
Nikimwambia, nitakuwa nimemfunua mara ya pili.
Nisipomwambia, nina siri yake
ambayo yeye mwenyewe hana.

Sasa masjala tuna kompyuta.
Foibe, mtoto mzuri, mwepesi wa vidole,
ameandika nywila kwenye kikaratasi
akakibandika kwenye paji la uso la mashine.
Nilikibandua.
"Mama, nani atakuja kuiba huku Kibaigwa?"
Nikamwambia, kanunue karanga.
Usile. Soma kwanza.

Zile za sinia niliwapa watoto wa jirani kwenye bakuli.
Karatasi nilichoma mwenyewe,
nikasimama hadi majivu yakapoa, nikayakoroga kwa mti.

Siku hizi karanga zinanitia kichefuchefu.
Kila siku ya mnada nanunua.