Kuni Mbichi

Mwezi wa Julai, ukiwa mlimani, huuoni mji wa Coyhaique.
Waona bakuli lililojaa moshi hadi ukingoni.
Ndani ya bakuli, nyuma ya uwanja wa mpira,
nyumba ya mbao, rangi ya buluu imebambuka,
na ndani ya nyumba mwanangu Baltasar, miezi kumi na tisa,
anapiga filimbi wala hana filimbi.

Hii ni mara ya tano tangu majani yaanguke.
Ya kwanza tulisema mafua.
Ya pili tulisema meno.
Ya tatu Yasna hakusema kitu, alivaa viatu.
Ya nne nilitoka mbio nikaacha mlango wazi,
tuliporudi theluji ilikuwa imeingia hadi mezani.

Sasa najua kuhesabu.
Namvua fulana, simu i gotini, dakika inakwenda.
Tumbo lapanda, lashuka,
na kati ya mbavu ngozi inadidimia
kama kuna mtu ndani anayeinyonya.
Hamsini na nane.
Nahesabu tena, labda nimekosea.
Sitini na moja.

Katika chumba cha vifua, pale kliniki, yupo Eulalia,
mwanamke mfupi, viganja vya moto.
Anamlaza mtoto mapajani,
anaweka kidole kimoja mgongoni, anakigonga kwa kingine,
anasogea, anagonga, anainamisha sikio.
"Hapa pazuri," anasema. "Hapa pamejaa."

Nikacheka, na haikuwa furaha.
Kazi yangu ndiyo hiyo.
Chukua vipande viwili vya kuni, vigonganishe:
vikiwa vikavu vitalia *ti*, kama kikombe cha udongo;
vikiwa vibichi vitasema *du*,
kama mlango wa asiyetaka wageni.
Mwezi wa Mei, deni la lori likinikaba,
niliuza zilizosema *du*.
Nilimuuzia bibi Herminda, jirani, mita tatu.
Nikamwambia zimekaa bandani mwaka mzima.
Zilikuwa na wiki mbili, utomvu bado unanata.

Bomba lake na dirisha letu hutazamana.
Moshi wake ni wa njano, mzito, hauwezi kupanda;
unateleza juu ya bati, unashuka ukutani,
unaingia kwetu kama paka anayejua sahani yake ilipo.
Moshi wa mti wa lenga
haukosi kulenga.

"Nyumbani kuna anayevuta sigara?" Eulalia aliuliza.
Hakuna.
"Kuvu ukutani?"
Kidogo, nyuma ya kabati.
"Mnawasha nini?"
Kuni.
"Kavu?"
Yasna alinigeukia, akangoja.
"Kavu," nikasema.
Na kwetu, kweli, zilikuwa kavu.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Changu ki katika koti la sufu, kutoka kwapani hadi kola;
siku hizi nalivua barazani, kwenye baridi kali,
ndipo nimbebe.

Usiku, ile chupa ya plastiki yenye barakoa.
Kwanza namvisha sungura wa kitambaa,
kisha mimi, kisha yeye.
Bonyeza. Pumzi kumi. Analia, na kulia nako ni kuvuta.
Saa nane filimbi inapungua, yawa sauti ya ufunguo,
ya mbu, ya kitu chumba cha pili.
Sijui kama imekwisha au nimeizoea.

Alfajiri nilipakia kuni zangu kwenye toroli, zile za banda,
nikagonga kwa bibi Herminda.
Alitoka na shali, akatazama toroli, akanitazama.
"Sikuagiza."
Nikagonganisha vipande viwili karibu na sikio lake.
*Ti.*
Akanyamaza kidogo.
"Na zile za Mei, Nolberto, zilisemaje?"

Nilikuwa natafuta neno
ndipo tukasikia, mimi na yeye,
kupitia mbao mbili za ukuta,
kikohozi. Kimoja.
Tukasimama hivyo, pumzi zetu nyeupe mbele yetu,
tukingoja kama kitafuata kingine.