Mkanda Nusu

Nimepima viuno miaka thelathini na minne,
Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
kibanda cha cherehani mbili, nzima moja.
Bwana harusi, mwanafunzi, mgambo,
mwenye tumbo la kuazima na asiye nalo kabisa,
futi yangu imewazunguka wote,
na ncha ya futi hurudi mwanzoni, ndiyo kazi yake.

Mwezi wa Rajabu nikapimwa mimi.
Siku tatu mchomo tu, ngozi safi,
kama pini iliyosahauliwa ndani ya pindo.
Ya nne, malengelenge,
yakatoka kwenye uti wa mgongo, yakapita chini ya titi la kulia,
yakafika katikati ya kifua, yakasimama
kana kwamba yamepigiwa mstari wa chaki.
Kushoto, hata moja.
Nikajisemea: fundi gani huyu
anayeanza mkanda akauacha nusu?

Mama Kibibi, muuza bada, alifuata sare ya mwanawe,
akaona ninavyoliinua dera mbali na mwili.
"Mkanda wa jeshi," akanong'ona.
"Omba ncha zisikutane. Zikikutana, ndiyo basi."
Kisha akaitazama sare,
akaikunja kwa vidole viwili.
Kufikia alasiri mtaa mzima ulikwisha nipima
bila futi.

Nikaenda Bombo. Wakanitoa damu.
Sina.
Na ningekuwa nacho, suruali zenu ningezishona vilevile,
na lupu zingekaa sawa.

Daktari Shekalaghe, kijana, kola ya shati lake imegeuzwa
(niliona; mtu haachi kazi yake mlangoni),
akaniuliza: "Bibi, utotoni uliugua tetekuwanga?"
Nikataka kucheka, mbavu zikanikataza.
"Haikuondoka. Ilirudi kwenye shina la mshipa wa fahamu,
ikalala. Mwili ukizeeka, ukichoka, huamka,
ikafuata mshipa wake ule ule, upande ule ule,
mpaka mshipa unapoishia.
Hizo ncha hazina pa kukutania."
Akanipa vidonge, mara tano kwa siku,
akanilaumu: siku ya sita ni kuchelewa.
"Na mtoto ambaye hajaugua asikuguse."
Sufiani nikampeleka Pongwe kwa shangazi yake,
analia, kaptura yake haijatiwa zipu.

Usiku ule nikahesabu kurudi nyuma.
Kambi ya mkonge, Kigombe. Mkeka mmoja,
mimi na Mwantumu.
Yeye ndiye alianza. Mama akamtenga pembeni,
akamwogesha maji ya mwarobaini, akamkata kucha kwa wembe.
Nami gizani nikatambaa kwenda kwake,
kwa sababu alisikia baridi,
au kwa sababu niliisikia mimi.
Nikapona na kovu moja, hapa kwenye nyusi.
Yeye ikamshukia kifuani. Kikohozi. Pumzi fupi fupi.
Alikuwa wa miaka kumi na mmoja.
Picha hatukuwa nayo. Kanga aliyojifunika ilikwenda naye.

Miaka hamsini na sita nimetafuta kitu chake,
japo kifungo.
Kumbe alinipa, na nilikuwa nacho mgongoni,
kimelala kama alivyolala yeye,
kimegeukia ukuta.

Sasa magamba yamedondoka, ngozi imefunga,
maumivu hayana habari.
Fundi asiyevumilia kitambaa!
Pamba laini inanikwangua kama singa za katani,
upepo wa feni unaunguza.
Daktari anasema miezi, pengine mwaka,
anasema pole, anaandika.
Nashona nimefunga kanga chini kabisa, kiunoni,
mlango nimeutia komeo, 
wateja wananipigia hodi, nawajibu kesho.

Jana Sufiani karudi.
Akasimama mbali, mikono nyuma, kama alivyofundishwa,
akauliza: "Bibi, wapi hapaumi?"
Nikamwonyesha kushoto.
Akaja akaegemea hapo.